Gasketi Iliyofichwa Chini ya Gunia

Kila alasiri baada ya shule, Mwikali alivua sare, akajifunga leso kiunoni na kwenda kwenye gereji ya baba yake karibu na soko la Garissa. Aliosha nati na bolti kwa mafuta ya taa, akazipanga kwa ukubwa, na mara nyingi alimpa baba spana kabla hajaiomba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Musembi, baba yake, fundi kutoka Machakos, aliwaambia wateja wazi kwamba binti huyo ndiye mkono wake wa kulia.

Ulikuwa mwaka wa 1966, wakati wa vita. Wapiganaji walioitwa shifta, waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, walitega mabomu barabarani na kuvizia magari. Askari nao wakishambuliwa walirudi mjini na hasira, wakampiga yeyote waliyemshuku. Lori la mfanyabiashara mmoja, Mzee Hirsi, lilikuwa limevutwa kutoka njia ya Habaswein likiwa na matundu kumi na saba ya risasi, dereva wake amekufa juu ya usukani. Mwikali ndiye aliyeosha damu iliyoganda kwenye kiti.

Hirsi hakuacha kazi. Watu wa Habaswein walihitaji unga. Aliamua kuendesha lori mwenyewe, akamwomba Musembi aiunde upya injini iwe na nguvu za kukimbia penye hatari. Musembi alipeleka hedi, kifuniko cha juu cha injini, Nairobi, uso wake ukakwanguliwa kidogo ili mgandamizo ndani ya silinda uongezeke. Ikabaki gasketi, lile bamba jembamba linalokaa kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini, ili moto, maji na mafuta visikutane.

Mezani zilikuwepo mbili, zote zenye uso wa shaba. Musembi alimwonyesha Mwikali tofauti yake. Moja ilikuwa nzito, na matundu yake yote yalilingana na ya bloku. Nyingine ilikuwa nyembamba, ya injini ya zamani ya aina ileile. Matundu mawili ya maji hayakuwepo kabisa, na ukingo wake uliingia ndani ya silinda kwa upana wa uzi.

"Injini ya nguvu ikivaa hii nyembamba, haitafika mbali," alisema. "Moto utaila huo ukingo, halafu maji yataingia ndani."

Siku ya kufunga injini, Musembi aliitwa kituo cha polisi kugongewa muhuri kibali cha safari. Alimwachia Mwikali kazi ya kuifuta ile gasketi nzito na kuilaza juu ya bloku. Mwikali aliibeba kwa mikono miwili, lakini akateleza kwenye oili, akaiangukia kwa goti. Ikakunjika kati ya silinda ya tatu na ya nne. Alijaribu kuinyoosha kwa nyundo, akazidi kuiharibu.

Mara akasikia sauti ya baba yake langoni. Musembi hakuwahi kumpiga kwa sababu ya vipuri. Mwikali hakuogopa kiboko. Aliogopa kuacha kuwa mkono wa kulia. Akaisukuma gasketi iliyokunjika chini ya gunia, akailaza ile nyembamba na kuipaka grisi.

Musembi aliona shaba ikimeta chini ya grisi. "Umelinganisha matundu yote?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Akaishusha hedi juu yake na kuanza kukaza bolti.

Kesho yake magari manne yalitoka kwa msafara, la askari likitangulia na la Hirsi likiwa la mwisho. Musembi alikuwa ametakiwa Habaswein kutengeneza pampu ya maji, na kwa kuwa wiki hiyo bomu lilikuwa limerushwa kwenye nyumba za jirani zao, hakutaka kumwacha binti yake peke yake. Walikaa mbele na Hirsi. Kerrow, mpakiaji wa Hirsi, kijana wa miaka ishirini na mitano, alikaa juu ya magunia.

Macho ya Mwikali hayakutoka kwenye mshale wa joto. Baada ya saa mbili mshale ulianza kupanda. Injini ikakohoa, moshi mweupe ukatoka nyuma, na rejeta ikachemka. Hirsi alipiga honi, lakini waliotangulia walikuwa wamemezwa na vumbi. Lori likasimama.

Musembi alifungua boneti, akatazama mapovu. "Ni gasketi," alimwambia Hirsi. "Nimekosea mimi."

Mwikali alifungua kinywa aseme. Hapo risasi zikalia. Kioo cha mbele kilimwagika mapajani mwake. Kerrow alianguka kutoka juu, goti lake limesagika, akawa anapiga kelele huku damu ikinywewa na mchanga. Musembi alimvuta Mwikali chini ya lori, akamlalia.

Watu watano walitokea vichakani. Walimpiga Hirsi kwa vitako vya bunduki hadi meno mawili yakamtoka, wakimwita msaliti anayelisha serikali. Kisha wakamburuta Musembi kwa miguu na kumpigisha magoti. Mmoja alimwekea bunduki kisogoni. Hirsi, uso umejaa damu, alitambaa akamkumbatia Musembi, akasema kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili ili Musembi naye asikie: "Huyu ni mgeni yangu. Ukiua yeye, anza na mimi."

Mwenye bunduki alisita. Kusita huko ndiko kulikowaokoa, kwa maana gari la askari lilikuwa limegeuka kuwatafuta. Bunduki zikalia pande zote mbili. Mshambuliaji mmoja alianguka hatua tatu kutoka kwa Mwikali, macho wazi, kijana aliyekuwa bado hajaota ndevu. Wengine wakakimbia.

Kerrow alifikishwa hospitali ya Garissa akiwa hai, lakini mguu ulikatwa. Asubuhi iliyofuata askari walimchukua Musembi. Kwao ilikuwa ajabu lori lisimame palepale pa kuviziwa. Walidai fundi amelihujumu. Mwikali aliambiwa na jirani kwamba baba yake alikuwa akipigwa.

Hakungoja. Alitoa gasketi chini ya gunia, akakimbia nayo hadi kituoni na kudai kumwona mkubwa wao. Alieleza yote: goti, nyundo, uongo. Hirsi, kichwa kikiwa na bendeji, aliitwa, na hedi ya lori, lililokuwa limevutwa hadi mjini, ikafunguliwa mbele ya askari. Gasketi nyembamba ilikuwa imeungua ukingoni, na matundu mawili ya bloku yalikuwa yamezibwa nayo. Jioni Musembi aliachiliwa, jicho moja limevimba. Alimshika binti yake bega, wakatembea hadi nyumbani.

Wiki mbili baadaye gasketi mpya ilifika kutoka Nairobi. Mwikali alilinganisha tundu kwa tundu, na baba akarudia kulinganisha baada yake. Lori lilipowaka, lilinguruma vizuri, na mshale wa joto ukatulia katikati. Hirsi alilipakia unga siku hiyohiyo.

Mwikali hakungoja kuliona likiondoka. Alikwenda hospitali, akasimama kando ya kitanda cha Kerrow, akamwambia yote mwenyewe, huku akilia.

Kerrow alijiinua kwa viwiko, akamtazama.

"Aliyenipiga risasi ni yule aliyeshika bunduki," alisema. "Dhambi ile ni yake, usiibebe. Lakini gari lilisimama kwa sababu yako, na hilo sitakuambia si kitu. Gasketi ikikunjika, tunangoja wiki mbili, tunanunua nyingine. Mguu wangu hauuzwi Nairobi. Kitu kikikuharibikia mkononi, sema papo hapo, kabla watu hawajapanda gari."

Mwikali aliitikia kwa kichwa. Kerrow akamwonyesha magongo yaliyoegemezwa ukutani.

"Sasa nipe hayo," alisema. "Nataka kujaribu kusimama."