Bakuli Ndani ya Duara la Chaki

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kutafuta siki. Usinicheke. Sisi watu wa jimbo la Shanxi, huko kaskazini, bila siki hatuli, tunatafuna tu. Mimi ni fundi cherehani, na kiwanda kimoja cha huko kusini, Hunan, kilikuwa kimeniita kazi ya siku tisa. Chupa niliyotoka nayo nyumbani Taiyuan ilivunjika ndani ya begi siku ya kwanza. Tangu hapo ikawa pilipili asubuhi, pilipili mchana, pilipili jioni. Nilikikumbuka kitanda changu. Nilikumbuka kikombe changu chenye mfuniko na ndara zangu za manyoya. Zaidi ya vyote nilimkumbuka binti yangu Tongtong, wa miaka minane, niliyemwacha kwa jirani wa ghorofa ya juu.

Dukani nikaambiwa siki ya kwetu hawaijui. Nikarudi mikono mitupu.

Penye njia panda nikasikia harufu.

Siki. Siki nyeusi ya kwetu...

Chini palichorwa duara la chaki, lenye mwanya upande mmoja. Ndani yake kulikuwa na majivu ya karatasi, na bakuli la tambi za kukatwa kwa kisu, bado zinafuka mvuke. Ulikuwa mwezi wa saba, mwezi ambao wafu hurudi kula. Mtu yeyote aliyelelewa vizuri anajua chakula hicho ni cha nani. Nami nilijua. Nikachungulia huku na huku, nikaingia, nikachuchumaa, nikala mpaka mchuzi. Machozi yalinitoka kwa utamu. Kisha nikatokea kwenye ule mwanya, nikaenda zangu.

Shangazi Peng, mwenye nyumba ya wageni, aliinusa ile siki kabla sijavua viatu.

"Umekula wapi wewe?"

Nikamwambia. Akashika ukuta.

"Mwanangu, hata mbwa wa hapa hawaligusi lile bakuli!" Kisha akashusha sauti. "Kuna mama wa huko kwenu alifia chumba cha juu, mwaka wa tatu huu. Mumewe huja kila mwezi wa saba, anampikia. Anamwachia na mwanya uelekee kwao, apate njia ya kurudi. Wewe umekula chakula chake, halafu ukatokea mlango wake."

"Sasa nifanyeje, Shangazi?"

"Umekula kwake, naye atataka kula kwako. Kesho ondoka mapema. Ataita kwa sauti ya mtu anayependwa. Asiitikiwe. Akiitikiwa mara moja tu, hatoki tena."

Asubuhi nikapanda treni. Kiti cha nyuma yangu kilikuwa kitupu, nilihakikisha. Tulipovuka mto, harufu ya siki ikaja shingoni.

"Mama..."

Sauti ya Tongtong.

"Mama, mbona hunitazami?"

Niliogopa, jamani. Nikauma kidole hadi damu, lakini sikuitika. Akaniita stesheni baada ya stesheni, analia kama Tongtong alivyolia siku niliyomwacha. Kisha, tulipokaribia Taiyuan, akanyamaza. Harufu nayo ikaisha. Nikacheka peke yangu, abiria wakaniona mwehu. Nimemshinda!

Saa kumi jioni nikapanda ngazi za kwetu mbio. Mlango ulikuwa wazi. Tongtong alisimama kizingitini, na aliponiona hakunikimbilia. Akatazama nyuma yake, akanitazama tena.

Ndara zangu hazikuwepo mlangoni. Mezani kikombe changu kilikuwa kimejaa maji ya moto, mfuniko pembeni.

Na kutoka jikoni...

Shwaa... shwaa... shwaa...

Kisu, kikikatia tambi sufuriani.

"Mama," Tongtong akaninong'oneza, "nimeshuka kutoka kwa jirani nikakuta kunapikwa. Nilidhani ni wewe."

Nikamshika mkono nimvute nje.

Kisu kikanyamaza.

"Tongtong!" Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ile ninayomwitia chakula kila siku. "Njoo ule, mwanangu, tambi zinapoa."

Nikanyoosha mkono kumziba mdomo. Nilichelewa. Nimemlea mwenyewe kwa adabu, na akiitwa na mama yake haitwi mara mbili.

"Abee, Mama."