Sahihi ya Bi. Ozella

Kila Jumamosi, akishakunja nguo za wiki, Zariah Pettway alivuka barabara kwenda kwa Mjomba Cedric kuona kama kuna kazi ya kusaidia. Novemba ile kazi zilikuwa tele. Mjomba alikuwa akimfanyia kampeni Bwana Tolliver, aliyetaka udiwani wa kata yao, upande wa kusini wa Chicago. Bwana Tolliver aliahidi kuifungua tena maktaba ya mtaa, na Zariah, msichana wa miaka kumi na miwili aliyependa vitabu kama wengine wanavyopenda peremende, alimtakia ushindi kwa moyo wote.

Lakini ili jina la mgombea liingie kwenye karatasi ya kura, sharti kwanza wakazi wa kata wamtilie sahihi. Mkusanyaji hugonga milango, kisha huapa mbele ya mthibitishaji mwenye muhuri wa serikali kwamba kila sahihi ilitiwa yeye akiona kwa macho yake. Mthibitishaji wa mtaa alikuwa Bibi Lucille, mama yake Mjomba. Alikuwa na muhuri wake, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kuutilia shaka.

Siku hiyo Zariah alikuta watu wanne wameizunguka meza ya jikoni, sanduku la donati katikati. Mmoja alisoma jina kwenye orodha ya wapiga kura, mwingine akatia sahihi, kisha akaisukuma karatasi kwa jirani yake ili miandiko isifanane.

"Huyu daktari wa meno," alisema Darnell, rafiki wa Mjomba, huku akitafuna. "Lazima mwandiko wake uwe mbovu!"

"Basi lete kwangu, nitumie mkono wa kushoto," mwanamke mmoja akadakia, wakacheka.

"Mjomba, mnafanya nini?" Zariah aliuliza.

"Tunazungusha meza," Mjomba alijibu bila haya. Ndivyo kazi hiyo ilivyoitwa mtaani, kana kwamba ni mchezo wa karata. "Baridi yote hii, nani atagonga milango? Na wale wa upande wa pili nao wanafanya hivi hivi. Kaa hapa. Mwandiko wako mzuri, utatufaa kwa sahihi za mabibi wa kanisani."

Alijifuta sukari vidoleni, akamsogezea karatasi. Zariah aliinama kuisoma. Mstari wa nne uliandikwa Ozella Grant, na mwisho wa jina mtu alikuwa amechora mkia wa mbwembwe.

"Bi. Ozella amekufa," Zariah alisema. "Tulimzika Agosti. Mimi niliimba."

"Basi hatakuja kukana!" Darnell alisema, na meza nzima ikaangua kicheko.

Zariah aliwatazama mmoja mmoja. Watu hawa walilia kanisani siku ya mazishi. Walikula keki za Bi. Ozella miaka nenda miaka rudi, na sasa walimcheka huku wamejaza donati midomoni. Aliiona ile meza ni chafu, na uchafu wake hautoki kwa sabuni.

"Mimi siandiki," alisema.

"Usijitie mtakatifu, wewe," Mjomba alimkemea. "Maktaba huitaki?"

"Naitaka."

"Basi funga mdomo."

Alasiri Mjomba alizibeba karatasi kwa Bibi Lucille, Zariah nyuma yake. Alijua kuwa uongo huu ukigunduliwa, Bibi atapokonywa muhuri wake na huenda akasimamishwa kizimbani. Walimkuta anakatakata mboga. Alijifuta mikono, akautoa muhuri kabatini.

"Fanya haraka, Mama, Tolliver ananisubiri."

"Haraka ya nini? Inua mkono wa kulia uape, kama watu wote."

Mjomba aliuinua mkono upesi, kama mtu anayepunga nzi. Hapo Zariah alishindwa kuvumilia.

"Bibi, muulize kwanza kama Bi. Ozella alimfungulia mlango."

Bibi alivaa miwani, akapekua karatasi moja baada ya nyingine, akafika kwenye ule mstari wa nne.

"Cedric," alisema taratibu, "Ozella nilimfumba macho mimi mwenyewe."

Mkono wa Mjomba ulishuka. "Mama, ni karatasi tu. Kila mtu anafany—"

"Kinyaa gani hiki! Unaniletea maiti jikoni kwangu nimpigie muhuri? Nikaburutwe mahakamani na miaka yangu sabini na miwili?" Alizichana karatasi zote, kwa kuwa hakuna aliyeweza tena kutenga sahihi za kweli na za uongo. "Zimebaki siku ngapi?"

"Nne."

"Na miguu unayo miwili. Toka!"

Jumapili baada ya ibada, Mjomba na Zariah walianza kugonga milango. Mlango wa tatu ulifunguliwa na Bwana Beckwith, dereva wa basi aliyestaafu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Tolliver simtaki, na sababu ninazo. Ila asanteni kwa kuniuliza."

Mlango ulipofungwa, Mjomba alibaki amesimama ngazini.

"Huyu jana tulimwandika," alisema kwa sauti ndogo.

Walitembea siku zote nne. Wengine walikataa, wengi wakakubali, na Jumatano karatasi zikatosha, zikazidi kidogo. Safari hii Mjomba aliapa polepole, neno kwa neno, na Bibi akapiga muhuri. Ndipo Mjomba alipomsimulia habari ya Bwana Beckwith.

"Umeona sasa?" Bibi alisema. "Kila siku mnalalamika kwamba wakubwa wa mji huu hawatusikilizi. Nyinyi hata kiti hamjakipata, na tayari mmeshaanza kumjibia Beckwith. Alikuwa na 'hapana' yake, mkamwibia. Jambo jema litafuteni kwa njia safi, na mkilikosa, likoseni mkiwa safi. Mtoto huyu ameliona hilo kabla yenu."

"Nimekosa, Mama. Nisamehe."

"Hukunikosea mimi peke yangu. Ozella ana binti, na unapafahamu anapokaa. Nenda ukamweleze ulichofanya na jina la mama yake."

Mjomba alichukua koti lake, akatoka.