Chupa Ilikuwa Wazi

Umewahi kuona mgomba ukiota ndani ya chupa ya jemu? Marsela wa Mbulumbulu ndiyo kazi yake, katika maabara moja hapa Karatu. Anakata kichipukizi kidogo kama punje ya mahindi, anakilaza juu ya chakula laini cha sukari na chumvichumvi, anafunika. Mwezi ukiisha vimekuwa vitano; anavitenganisha, anaanza upya.

Wilson alikutana naye mnadani, amejitwisha kilo kumi za sukari, gauni la kitenge limeshika vumbi hadi magotini.

"Dada, unapika gongo?" akauliza Wilson, shuka jekundu juu ya jaketi la kambi ya watalii.

"Nalisha migomba."

"Kumbe siku hizi migomba inakunywa chai."

Marsela akacheka, pamoja na uchovu wake wote. Akampa namba.

Wakapigiana simu miezi minne. Kisha, mwezi wa Mei, Wilson akaja hadi kwenye kidirisha cha maabara.

"Marsela, nimehamishiwa kambi ya Engaresero, mbali kule. Nataka nikuoe. Unasemaje?"

Marsela alikuwa na barakoa usoni, kisu mkononi, chupa wazi mbele yake. Hapo hakuna kusema. Pumzi huingiza ukungu chupani, na juma lile ukungu ulikuwa umekula chupa mia tatu alizozikata yeye. Akainama, akaendelea. Alipotoka, Wilson hayupo, na simu yake haipatikani.

Wiki sita baadaye ikaita.

"Ulininyamazia, Marsela."

"Nilikuwa na chupa wazi, mpenzi. Ukisema, zinaoza."

"Yaani nimekonda huku kwa ajili ya ndizi?"

"Na mimi nimekonda. Njoo nikujibu usoni."

Alhamisi akaja, akamkuta kazini. Safari hii hakusema neno. Aliziba mdomo kwa kiganja, akaketi kwenye benchi la nje. Marsela akakata arobaini, akakata sitini, macho yanawasha, mgongo umekuwa gogo. Kila akiinua uso, Wilson yupo, kofia magotini. Mara gari la kurudi Engaresero likapiga honi barabarani. Wilson akasogea kidirishani, akaonyesha saa yake, akapunga mkono polepole.

Chupa ilikuwa wazi. Marsela aliitazama: vichipukizi vitano vya kijani, kazi ya mwezi mzima. Akashusha barakoa.

"Ndiyo, Wilson. Tangu Mei nilitaka kusema ndiyo."