Udongo Wenye Joto la Mtu

Shemeji yangu Evaristi, mume wa dada yangu Coleta, yu hai mpaka leo, kwa hiyo simsemi marehemu. Nilimdharau kabla ya mambo haya, na sitadanganya kwamba nimeacha.

Alikuja kwetu Malangali mwezi wa sita, Jumanne asubuhi, mimi na mama tukipepeta maharage uani. Alimpa mama shikamoo bila kuvua spika za masikioni, kisha akashusha maboksi: mlingoti wa chuma, paneli ya sola, vikombe vya kupimia upepo, na vifaa vidogo vya joto na unyevu. Vyote aliviita sensa. Mama akauliza kama tunahesabiwa tena. Evaristi akacheka mpaka akashika kiuno, akasema ndiyo maana Ufipa haiendelei.

Akatueleza, taratibu kama anayefundisha mbuzi, kwamba mtambo ule utapima hali ya hewa ya shamba na kutuma vipimo kila saa kwa mtandao wa simu. Simu yangu nayo akaiunganisha, nimwangalizie akisafiri.

Pa kuusimika akachagua mwinuko ulio mwisho wa shamba, penye mabaki ya tanuri la kale la kuyeyushia chuma. Pale hatulimi. Babu hakulima, baba hakulima, na hakuna aliyetueleza sababu. Mama alisema mara moja tu.

"Pale usichimbe, baba. Pana mwenyewe."

Evaristi akajibu kwamba mwenyewe ni ujinga. Akasimika mlingoti, akafukia sensa ya joto la udongo. Waya wake haukuzidi urefu wa mkono wangu. Mama akaniambia nimwache, masikio ya yule ni ya kuning'inizia vitu tu.

Kipimo cha kwanza, nyuzi kumi na nne. Sawa, mwezi wa sita kwetu ni baridi. Kesho yake ishirini na mbili. Siku ya tatu thelathini na saba, na hapo ikakaa. Alfajiri, mchana, jioni, thelathini na saba.

Evaristi akasema sensa ni mbovu. Akaing'oa, akafukia nyingine palepale. Haikupita saa moja, thelathini na saba. Nikamwambia hilo ni joto la mtu mzima asiye na homa. Akaniambia nirudi kwenye maharage yangu.

Saa tisa alasiri alibeba jembe kwenda kuifukua. Nilimfuata, kusema kweli, ili nimwone akiaibika.

Akachimba hadi kimo cha kiuno. Waya ulikuwa bado unashuka, umeingia kwenye tundu jembamba. Umenyooka. Umekaza. Waya usiozidi mkono wangu. Akauvuta, ukaja kidogo.

Kisha ukarudi.

Hapakuwa na upepo, wala jani halikutikisika. Lakini vikombe juu ya mlingoti vilizunguka, vikasimama, vikazunguka, vikasimama. Taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Hellena," akaninong'oneza, "kuna mtu ameshika."

Nikamwambia atoke. Kiburi nacho ni ugonjwa. Akapiga magoti, akaingiza mkono tunduni hadi begani. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Ana vidole laini."

Nilimkamata mkanda nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Mkono ukatoka mzima, hauna hata mkwaruzo, ila baridi kama jiwe la mtoni. Nikaukata waya kwa jembe. Kipande cha chini kikaingia ardhini chenyewe. Polepole.

Hospitalini kipimajoto hakikusoma kitu. Muuguzi akajipima mwenyewe, thelathini na sita na nusu. Akaleta kingine. Hakuna kitu. Na mgonjwa ameketi, anaongea, anadai aitiwe mtu mwenye elimu. Yule muuguzi aliomba ruhusa, akatoka, hakurudi.

Jioni tuliung'oa mtambo. Nyumbani Evaristi akaichomeka kwenye mtambo ile sensa ya kwanza, aliyoiita mbovu, akaibana kwapani. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Kumi na nne.

Alirudi Dar es Salaam. Coleta anasema anakula, anakwenda kazini, anatukana watu kama zamani. Anavaa koti kwenye joto lile. Aliyempa mkono mara moja hampi tena. Dada siku hizi analala chumba cha watoto, maana upande wa mume shuka huamka limelowa kama nyasi za alfajiri. Alipiga simu akilia, akimwomba mama dawa. Mama akamwambia hana dawa, alikuwa na neno moja na alishalitoa.

Shimo tulilifukia, majani yakaota. Asubuhi umande unalowesha shamba zima, isipokuwa pale. Pale majani ni makavu, sehemu yenye umbo la mtu aliyelala ubavu. Mwezi wa nane magoti yalikuwa yamekunjwa.

Leo yamenyooshwa.