Basketi Nyeupe za Pascal

Pascal alipofungua kasha, harufu ya tope la ziwa ilimpiga puani. Ajabu, raba zenyewe, basketi za ngozi, zilikuwa mpya, hazijakanyaga chini hata mara moja.

Rafiki yake alimletea kutoka Ubelgiji. Kiwanda cha viatu kilikuwa kimeungana na mshonaji mmoja mwenye sifa kutengeneza jozi mia tatu tu, na jina la mshonaji lilidariziwa juu ya kila kiatu kwa uzi wa dhahabu. Biro nzima ya gari-moshi pale Kalemie, ofisi alikofanya kazi, ilikuja kuzitazama. Zilikuwa nyepesi, nyeupe kama maziwa. Lakini zilibana vidole, na ngozi ya viatu haikutaka maji wala vumbi.

"Kiatu kinaogopa vumbi, hapa Kalemie?" mkewe Martine alicheka, akimbembeleza mtoto wao Gracia. "Papa Gracia, pea muntu mwingine."

"Mama, Tanganyika nzima niko nazo mimi peke yangu."

Akaziweka juu ya kabati. Jumamosi mchana, wakiwa mezani, walisikia hatua chumbani. Ko. Ko. Ko.

"Mutoto anacheza na viatu vyangu," Pascal alinong'ona.

"Mutoto njo huyu," Martine alijibu. "Nimemupakata."

Pascal aliingia. Basketi zilikuwa sakafuni, zimeelekea ziwani.

"Toa hivi vitu mu nyumba," Martine alisihi.

Hakuvitoa. Jumapili alivivaa kwenda misa. Watu walipopiga magoti, yake yalikataa kukunjika. Miguu ikamwinua, ikamtoa kanisani mbele ya macho ya wote, ikamteremsha barabarani katika jua kali huku Martine akimvuta shati na kulia, ikapita wauza dagaa, ikapita mitumbwi, ikaingia ziwani bila kupunguza mwendo, mpaka maji yakamfika kifuani.

Mwalimu Ramazani, jirani yao anayewasomea Kurani watu waliopagawa na majini, alikuwa ufukweni akinunua samaki. Alichukua kisu cha muuzaji, akaingia majini na kanzu yake, akamshika Pascal mabega, akasoma. Kisha akauliza polepole, "Wewe ni nani? Unataka nini?"

Sauti ya mwanamke mzee ilitoka kinywani mwa Pascal. "Alinivaa mwenyewe. Ninarudi kwetu, humu ziwani."

Mwalimu alipapasa kamba za viatu chini ya maji. Zilikuwa zimekaza kama mizizi.

"Papa Pascal, anakushikia penye unapenda. Sema nikate."

Pascal aliinamisha macho. Uzi wa dhahabu ulimetameta kule chini. Mguu mmoja ukasogea. Maji yakafika shingoni.

"Hakuna namna ya kuzivua bila kuzikata?" Pascal aliuliza kwa sauti yake mwenyewe.

"Pascal!" Martine alipiga kelele. Hakuwa amewahi kumwita hivyo tangu Gracia azaliwe.

"Kata," Pascal alisema mwishowe.

Ngozi ya viatu ilipochanika, maji yalichemka, kilio kikapita chini yao kikielekea kilindini, na ziwa likatulia.

Walirudi nyumbani polepole, Pascal pekupeku, changarawe zikimchoma nyayo. Martine alimshika mkono njia nzima bila kumtazama.

"Maji yalikufika shingoni," alisema walipofika mlangoni, "na bado ulikuwa unafikiria viatu."