Kamera Mpya na Jaruba la Kwihara

Kila siku akitoka shule, Tunu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye chumba cha picha cha mama yake, mtaa wa nyuma ya soko la Tabora, akavua viatu mlangoni na kushika kazi. Alifagia, akafuta vumbi kwenye stuli wanayokalia wateja, kisha akachukua mkasi na kukata picha za pasipoti zilizochapishwa mchana. Kazi hiyo si mchezo. Mkono ukiteleza kidogo tu, mtoto wa watu anabaki na sikio moja. Tunu alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu aingie darasa la sita hakuwa amemkata mtu sikio.

Mama yake, Mwanne, alipata pesa ya mboga kwa picha za pasipoti, lakini jina lake lilijengwa na harusi, hasa sherehe za wanawake. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa mjini, alasiri ya kumtoa bibi harusi wanawake hukaa peke yao uani, wakavua mabuibui na mitandio, wakacheza watakavyo. Mwanamume hakanyagi hapo. Mpiga picha lazima awe mwanamke, tena mwenye kifua cha kutunza siri. Mwanne alikuwa na kifua hicho. Picha zake hazikuonekana na mtu mpaka zimfikie mwenyewe mkononi, ndani ya bahasha iliyobandikwa. Hata Tunu hakuruhusiwa kuzichungulia.

Lakini kamera yake sasa! Ilikuwa nyeusi iliyopauka, na kifuniko cha betri kilishikiliwa na mpira wa kufungia noti. Kwenye chumba chenye kiza, picha zilitoka na chengachenga. Mwanne alijua dawa yake. Alitembea na shuka jeupe, Tunu akalishika kukabili dirisha, na mwanga ukarudi usoni kwa bibi harusi. Alipoulizwa kwa nini habadilishi kamera, alicheka tu na kusema, "Mtu hujikuna ajipatapo."

Laiti Tunu naye angecheka hivyo. Lakini Tunu alikuwa anaona haya, na haya ile ilianzia shuleni. Kabula, rafiki anayekaa naye dawati moja, alikuwa na dada aliyefanyiwa sherehe ya kuagwa, na picha zikapigwa kwa kamera kubwa ya kisasa. Kabula alizileta darasani. Kila mtu alizishangaa, maana hata kope za dada mtu zilihesabika.

"Mama yako bado anapiga na kile kidude chenye mpira?" Kabula aliuliza. "Picha zake kama zimepigwa jikoni, kuni mbichi!"

Darasa zima lilicheka. Tunu naye akacheka, ili asionekane ameumia, lakini alikuwa ameumia.

Jioni hiyo hiyo nyumbani kulikuwa na mazungumzo ya kamera. Adinani, fundi anayeuza kamera karibu na soko, alikuwa amemwonyesha Mwanne moja nzuri sana, na Mwanne akaishika kwa muda mrefu kabla ya kuirudisha. Pesa hakuwa nayo. Zamu yake ya kupokea upatu ilikuwa bado mbali. Lakini Mzee Lugembe wa Kwihara, mfugaji aliyehamia huko kutoka Ziba, alikuwa ameuza ng'ombe na yuko tayari kukopesha, mradi apewe jaruba la mpunga kama rehani.

Jaruba lenyewe lilikuwa la Babu Issa, baba yake Mwanne. Alikwisha kumrithisha binti yake, lakini aliyelilima bado ni Babu. Mvua zikianza, hakuna wa kumzuia. Alfajiri anapanda baiskeli, jembe limefungwa nyuma, anashika njia ya Kwihara, na jioni anarudi na matope mpaka magotini na maneno mengi.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," alisema Babu, akimega ugali. "Lakini jaruba ni lako, Mwanne. Mimi nimesema tu."

Mwanne alisogeza sahani. "Baba, sherehe ya mjukuu wa Bibi Asmahani ni mwezi ujao. Wanawake watakaofika pale ndio wateja wangu wa mwaka mzima. Nitamuuliza yeye. Akisema kamera hii inamtosha, nangoja upatu wangu. Akisema haimtoshi, nakopa." Akamgeukia Tunu. "Kesho ukitoka shule, nenda kwake. Unajua hapendi mambo ya harusi yapite kwenye simu. Muulize, kisha uniletee jibu lake."

Kesho yake Tunu alimkuta Bibi Asmahani amekaa mkekani sebuleni kwake, anachagua karanga. Alikuwa mama wa makamo makubwa, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amenituma. Anauliza, kwa ile sherehe, kamera yake ya zamani itakutosha, au atafute nyingine mpya?"

Bibi Asmahani alicheka mpaka karanga zikamtoka mapajani. "Mpya ya nini? Mwambie aje na ile ile. Ile haina mdomo. Wanawake wangu wanaijua." Akamtilia Tunu matobolwa kwenye kiganja, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akamwambia awahi nyumbani.

Tunu alitembea akitafuna. Kwamba kamera haina mdomo aliona ni utani wa wazee tu, hakuuliza maana yake. Alichokiona kichwani ni Kabula na darasa linalocheka. Aliona pia jinsi mama yake alivyoishika ile kamera ya Adinani. Akajiambia kwamba anamsaidia mama. Uongo mwingi huanza hivyo, ukiwa umevaa nguo za msaada.

"Amesemaje?" Mwanne aliuliza alipomwona mlangoni.

"Anasema sherehe ni kubwa, mama. Ingefaa upate kamera mpya."

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Wiki ile ile Mzee Lugembe alifika mjini na pesa. Makubaliano yalikuwa yale wanayoyajua watu wa Kwihara. Anayekopesha analima jaruba mpaka pesa yake irudi. Pesa ikirudi, jaruba linarudi, lakini kilichokwisha kupandwa huvunwa na aliyepanda. Babu Issa aliitika kila neno kwa kichwa, kisha akaenda kulala kabla ya chakula.

Kamera ilikuja. Mwanne aliifuta kwa kitambaa laini asubuhi na jioni. Kabula alipita chumba cha picha akaomba kuishika, na Tunu akamkatalia kwa madaha makubwa. Siku hiyo alikuwa na furaha. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, na furaha ikaondoka. Asubuhi ile Tunu alimkuta Babu uani, ameshalifunga jembe nyuma ya baiskeli kama kawaida. Babu alisimama akaiangalia barabara. Baadaye akafungua ile kamba taratibu, akarudisha jembe ndani, akaketi kwenye kizingiti. Hakulalamika. Heri angelalamika, maana Tunu hakujua pa kuyapeleka macho yake.

Alasiri ya sherehe, ua wa Bibi Asmahani ulijaa udi na vigelegele. Mlangoni paliwekwa kikapu, na kila mwanamke aliyeingia alitia simu yake humo. Ngoma ilikuwa imekolea pale Mwanne alipoitoa kamera yake mpya kwenye mfuko. Tunu alisimama pembeni na shuka lake, akisubiri watu washangae.

Walishangaa kweli, lakini si alivyotaka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akicheza alisimama. "Jamani, hiyo si ile inayorusha picha kwenye simu papo hapo? Mwanangu alinionyesha."

"Nimeizima, dada," alisema Mwanne. "Haitumi kitu bila mimi kutaka."

"Sisi tutajuaje?" mwingine akadakia. Mmoja akavuta mtandio wake begani, wa pili naye akajitanda, na kabla wimbo haujaisha ua mzima ulikuwa umejifunika. Bibi harusi alikaa katikati na hina yake mpya, kichwa chini. Hapo ndipo Tunu alipoelewa mdomo wa kamera ni nini.

Bibi Asmahani alikuja polepole. "Mwanne, mwanangu. Hukupata maneno yangu? Nilisema uje na ile ile."

Mwanne alimtazama Tunu. Mtazamo ule ulikuwa mfupi, lakini yote yalikuwamo. Kisha akainamisha kichwa mbele ya Bibi Asmahani. "Niliyapata, Bibi. Kosa ni langu. Nisamehe."

Tunu alisikia kila neno. Mama yake, ambaye jina lake halijawahi kutiwa doa katika ua wowote wa Tabora, alikuwa analipaka doa kwa mkono wake mwenyewe ili kumfunika yeye. Wanawake walianza kunong'ona. Tunu aliangusha shuka.

"Hakuyapata, Bibi!" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyokusudia. "Mama hakuyapata. Mimi sikuyafikisha. Nilimwambia umesema anunue mpya. Nilidanganya, kwa sababu wenzangu walicheka kamera yake. Na mama ameweka jaruba la Babu rehani."

Alianza kulia, na hakuna aliyemkemea. Bibi Asmahani alivuta pumzi. "Mjumbe hauawi, walisema wazee," alisema, "lakini walikuwa wanamsema mjumbe anayefikisha. Kamera ya zamani iko wapi?"

"Nyumbani, kabatini."

"Basi kimbia kailete. Sherehe itakungoja."

Tunu alikimbia, akarudi akihema, na ile kamera yenye mpira imekumbatiwa kifuani. Mitandio ilivuliwa tena, mmoja mmoja. Shuka jeupe likashikwa kukabili jua, na picha zikapigwa. Wanawake walilipa na wakaagana na Mwanne vizuri.

Njiani kurudi, mama alibeba kamera zote mbili, na mtoto shuka. Walipofika nyumbani, Tunu alikwenda mwenyewe kwa Babu, akapiga magoti, akamweleza yote. Babu alimsikiliza mpaka mwisho. "Haya," alisema, akampapasa kichwani.

Adinani aliipokea kamera, lakini kwa bei ya chini, maana kitu kikishatoka dukani si kipya tena. Pengo lile Mwanne aliliziba kwa malipo ya sherehe, na kwa kumsihi mwenzake katika upatu wabadilishane zamu. Pesa ilipotimia, walikwenda Kwihara wote watatu kumlipa Mzee Lugembe. Babu aliombwa abaki apumzike, akakataa.

Mzee Lugembe aliipokea pesa yake bila nyongeza, akatoa shukrani. Kisha akalielekeza jaruba kwa fimbo. Lilikuwa limejaa maji, na nusu yake imeshapandikizwa miche. Vijana wake walikuwa wameinama wanaendelea na nusu iliyobaki.

"Mzee Issa, msimu ujao ni lako," alisema. "Mpunga huu ni wangu. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Ndivyo tulivyokubaliana," alisema Babu. Aliyaangalia maji. "Nipe ruhusa nishike miche kidogo. Si kwa malipo. Mwaka haujawahi kupita bila mimi kuingia humo, na sijui nimebakiza mingapi."

Mzee Lugembe aliweka fimbo chini. Alimpa fungu la miche kwa mikono miwili. Babu alikunja suruali, akaingia majini.

Tunu na mama yake walibaki kwenye tuta. "Mama, pesa si imerudi?" Tunu aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwa nini bado naumia hivi?"

"Kwa sababu pesa hurudi, lakini msimu haurudi," alisema Mwanne. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nina kosa langu. Niliitamani kamera ile, na nilipopata neno la kunisukuma, sikulichunguza. Mkopo wowote wa anasa hutafuta sababu, na mimi nilikutuma wewe ukaniletee sababu. Lakini nilikutuma kama macho na masikio yangu. Mtu akidanganywa na adui, anajua pa kujikinga. Akidanganywa na masikio yake mwenyewe, ataongozwaje? Ukitumwa neno, lifikishe lilivyo, hata likikuchoma. Na kitu cha kuwafunga watu midomo wasikucheke, usikikopee kamwe. Wao watacheka kingine kesho, na wewe deni litabaki nawe."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe tangu pale uani, uliposema kweli mbele za watu. Ingawa kusamehewa hakuoteshi mpunga."

Tunu alivua viatu, akakunja sketi na kuingia kwenye matope baridi karibu na Babu. Babu hakumtazama. Alimgawia tu nusu ya fungu lake, akamwonyesha jinsi ya kuuzamisha mche kwa kidole gumba. Waliinama pamoja, hatua kwa hatua kurudi nyuma, wakapanda mpaka adhuhuri mpunga ambao hawataula.