Video Isiyo na Sauti

Usigeuze uso. Ulikuwepo siku ile mwalimu mkuu aliposema kiti cha magurudumu hakiwezi kupanda ngazi kumi na moja za shule. Ulimwona yule msichana, mliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, akirudishwa nyumbani na mama yake. Kengele ikalia, ukapanda darasani. Miaka mitatu haijaifuta siku hiyo.

Tangu hapo Chiriku anasomea nyumbani, kwenye simu ya mama yake, fundi cherehani. Kila asubuhi hufungua tovuti za sayansi. Sheria yao ni moja: asome kila neno kwa sauti, mama akisikiliza huku anashona. Cherehani ikinyamaza, Chiriku naye hunyamaza. Ni ishara kwamba mama ana swali.

Jumanne moja mama alitoka kupeleka gauni la mteja, akaiacha simu mezani.

"Mwangalie mdogo wako, amelala. Sayansi ingoje nirudi."

"Sawa, mama."

Ilikuwa sawa ya mdomoni. Mlango ulipofungwa tu, alifungua video ya kutengeneza povu. Akazima sauti, mtoto asiamke. Mwanamume wa kwenye video alitikisa kidole mbele ya chupa mbili. Chiriku akadhani ni madaha tu. Akachukua dawa ya kung'arishia nguo, akaimimina kwenye beseni lenye dawa ya kusafishia choo.

Povu halikuja. Ilikuja harufu. Ilimchoma puani kama sindano, koo likambana, macho yakamwaka. Kitandani mtoto akakohoa, akakohoa tena, asipate hata pumzi ya kulia.

Chiriku alimvuta, akampakata, akasukuma magurudumu kwa nguvu zake zote. Gurudumu la mbele likakwama kwenye kizingiti.

"Jamani! Tunakufa!"

Muuguzi, jirani wa mlango wa pili, alikuja mbio, akakivuta kiti hadi uani penye hewa. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka.

"Umechanganya nini?"

Chiriku aliifikiria simu. Akisema, simu itafungiwa kabatini, na shule nyingine hana.

"Sijui, shangazi. Labda... moshi wa jiko."

"Moshi haunuki hivi! Mtoto hapumui vizuri, nawe unaniletea labda? Labda haitibiwi!"

Vidole vya mtoto vilivyokuwa vimemshika Chiriku vikalegea.

"Ya kung'arishia nguo na ya choo! Ni mimi, shangazi, nimezichanganya mimi!"

Muuguzi alimbeba mtoto mbio hadi zahanati, akataja dawa zote mbili mlangoni, na oksijeni ikaletwa papo hapo. Ilipofika jioni, mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa mama, akilia kwa njaa. Chiriku hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Mama aliifungua video ile, safari hii kwa sauti: "Kamwe usichanganye hizi mbili. Hutoa gesi ya sumu."

"Utaninyang'anya simu, mama?"

"Nikunyang'anye, ubaki na nini?"

Muuguzi akamshika bega. "Tovuti ni mwalimu mzuri, binti yangu, ila haikuoni ukikosea. Soma na mtu, msome mpaka mwisho. Na ukikosea, sema upesi. Ukweli wako ndio uliomwokoa mdogo wako."

"Huyo mtu atoke wapi?" mama akauliza kwa uchungu. "Mimi nikiwa kazini, asome na nani? Wenzake wote walipanda ngazi."

Atoke kwako. Mtoto anayesoma peke yake mtaani kwenu unamjua, na mlango wake unaujua. Funga kitabu hiki, uende ukabishe hodi. Usiseme kesho. Nenda sasa.